Jinsi ya Kulala Kifahari Chini ya Meru na Bado Ukasalimia Watu

Hoteli ndogo ya kifahari Arusha hutambulishwa na barabara yake. Ukiacha lami pale Usa River, Tengeru au Kisongo, ukaanza kurushwa na mashimo, ukapita migomba, kanisa la Kilutheri, kibanda cha wakala wa fedha za simu na mbuzi aliyefungwa kando ya mfereji, na dereva naye akaanza kutaja kwa sauti bei ya springi mpya, jipe moyo: umekaribia. Kadiri mashimo yanavyozidi ndivyo bei ya chumba inavyopanda. Kisha geti linafunguliwa, vumbi linakoma, na mbele yako yapo majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, hata kama ni Septemba na kijiji kizima nje kinaomba mvua.

Mwongozo huu ni wa Mtanzania, na wa jirani yake kutoka Nairobi, Kampala au Bujumbura, aliyeweka akiba ya fungate, aliyepata zamu yake ya upatu, au aliyelipiwa na mwajiri baada ya semina pale kituo cha mikutano cha AICC. Wageni wa mbali wana miongozo yao, minene na yenye picha. Sisi hatuna, ndiyo maana tunafika mapokezi tumekaza shingo, tunajifanya tumezoea, na tunaogopa kuuliza choo kiko wapi.

Kazi inaanza getini. Askari atakuangalia, ataangalia Noah uliyokuja nayo, kisha atauliza, "Umekuja kumwona nani?" Usikasirike. Miaka yote wanaolala humo wamekuja na Land Cruiser ndefu za kampuni za safari, na wenye sura kama yako wamekuja kuleta mboga, kutengeneza pampu au kumtafuta shangazi yao wa jikoni. Shusha kioo, salimia kwanza, na kama ni mtu mzima mpe shikamoo yake kamili. Akishaitikia marahaba, mjibu: "Nimekuja kulala." Sema bila kupunguza sauti na bila kuongeza maelezo. Hakuna haja ya kumwonyesha risiti ya benki. Ukimsikia ana lafudhi ya Kimaasai, msalimie kwa lugha yake kama unaijua. Kama huijui, Kiswahili kinatosha, maana hata yeye kimemlea.

Mapokezi utaletewa taulo dogo la moto kwenye sinia, limeviringishwa na kushikwa kwa koleo. Ni la kufutia mikono na uso. Litageuka rangi ya udongo wa Arumeru, na ndiyo kazi lililoitiwa. Lirudishe kwenye sinia bila kulificha. Juisi itakayofuata inywe taratibu. Fomu utakayopewa ijaze mahali panapouliza uraia kabla ya kitu kingine chochote, maana sehemu hiyo ndiyo itakayoamua bili yako, na tutarudi huko.

Ukishaachwa peke yako chumbani, kitanda kiache kwanza. Fanya ukaguzi. Nyoosha kidole, anza mlangoni, zunguka ukuta hadi ukuta, na kila pambo uliulize kwao ni wapi. Mlango mzito wenye nakshi na misumari ya shaba: Unguja. Kitanda cha samadari chenye nguzo nne na chandarua kilichotandazwa kama shela la bibi harusi: Unguja tena, au Lamu. Kinyago cha watu waliobebana mgongo kwa mgongo: Wamakonde, kusini kabisa, mpakani na Msumbiji. Picha ya twiga wa rangi kali: mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Shuka jekundu la mirabaraba lililokunjwa miguuni mwa kitanda, mkuki juu ya meko, shanga kwenye pete ya kitambaa cha mezani: Wamaasai. Ukimaliza mzunguko, uliza swali la mwisho: Wameru wako wapi?

Uliza kwa sababu hoteli imekaa juu ya ardhi yao. Mwenye mgomba ule unaouona dirishani ni Mmeru. Mfereji unaosikika usiku ulichimbwa na mababu zake. Mpishi, mfua nguo na kijana aliyebeba begi lako kwa kichwa wanatoka Nkoaranga, Akheri, Poli au Sing'isi, na upande wa magharibi wa mlima wanatoka Ilboru, Kiranyi au Sokon, kwa Waarusha. Watu hao wamejaza jikoni, bustani na stoo, lakini ukutani hawamo.

Huko Kambodia, mjini Siem Reap, zipo hoteli ndogo za kifahari zinazovaa utamaduni wa Wakhmer. Ukutani kuna michongo ya apsara, wale wachezaji wa mbinguni. Kwenye maji kuna maua ya yungiyungi. Kitandani imekunjwa krama, kitambaa cha mirabaraba ambacho sisi tungekiona tukadhani ni ndugu wa shuka. Mhudumu anakutanisha viganja kifuani na kuinamisha kichwa. Lakini mgeni akitoka nje anamkuta mkulima wa mpunga kajifunga krama hiyohiyo kichwani, na mwendo mfupi tu kutoka mjini liko hekalu la Angkor Wat, lililojengwa karne ya 12 chini ya mfalme Suryavarman wa Pili. Minara yake mitano inawakilisha vilele vya mlima wa miungu, na mlima huo, katika imani za Kihindu na Kibudha, unaitwa Meru pia. Wakhmer walikaa nchi tambarare, mlima hawakuwa nao, wakaujenga kwa mawe. Sisi mlima tunao, mita 4,566 kutoka usawa wa bahari, na kwenye kuta zetu tumewatundika watu wa tambarare.

Sina ugomvi na shuka. Mmaasai ni mwenyeji wa mkoa huu, shanga zake zina akili na hesabu ndani yake, na kuna sehemu zinazozitendea haki. Shanga, karakana iliyo ndani ya eneo la Arusha Coffee Lodge, huajiri watu wenye ulemavu ambao huyeyusha chupa kuukuu wakazigeuza kuwa shanga, glasi na taa. Ukifika hapo utamwona fundi mwenyewe akipuliza kioo, na unaweza kumwuliza afanyavyo. Ninachokataa ni uvivu wa kumchukua Mmaasai mmoja mwenye mkuki akawakilisha mlima mzima, wakati Mmeru na Mwarusha wamekaa pembeni na jembe lao.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza saa za bwawa la kuogelea, jifunze ramani ya watu. Wameru ni wakulima wa mlimani, lugha yao ni jamaa ya Kichaga, nao waliongozwa na mangi. Waarusha wanazungumza Kimaa na kushika rika na mila nyingi za Kimaasai, lakini miguu yao imo shambani, kwenye mahindi, maharage na migomba. Mgeni anayejua tofauti hii ataongea na mhudumu wake dakika kumi zaidi ya mgeni asiyeijua, na chai yake itakuja na habari za kwao.

Walioko upande wa Momella, kaskazini mashariki, wana kazi ya ziada, maana huko kuna historia mbili na hoteli hupenda kusimulia moja. Ya kwanza ni ya sinema. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Hatari! ya mwongozaji Howard Hawks, ambayo sehemu kubwa ya picha zake za nje zilipigwa Tanganyika. John Wayne anakamata vifaru na twiga kwa kamba, na mwisho tembo watoto watatu wanatimua mbio katika mitaa ya Arusha. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, aliipenda nchi ile hata akanunua shamba la Momella akaishi hapo miaka kadhaa. Hoteli iliyopo leo imechukua jina la filamu. Simulizi ni tamu, na utaipata bila kuiomba.

Ya pili lazima uiombe. Kaskazini ya hapo, mwendo usio mrefu, ni Ngarenanyuki. Kuanzia Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwafukuza Wameru kutoka mashamba namba 31 na 328, maelfu ya watu, ili kuwapisha walowezi wachache wa Kizungu waliotaka kufuga. Nyumba ziliteketezwa kwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaelekezwa King'ori, nchi ya chini yenye joto. Hawakuwa wageni wa kunyang'anywa: Wajerumani walishachukua ardhi nyingi kuzunguka mlima baada ya wamisionari wawili wa Leipzig kuuawa Akheri mwaka 1896, na Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaletwa miaka ya 1904 na 1905 kukaa kati ya Meru na Kilimanjaro. Safari hii Wameru walichanga shilingi kwa shilingi. Mwaka 1952 mtu wao, Kirilo Japhet, akiwa na wakili Earle Seaton, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza kilichotendeka. Hiyo ilikuwa miaka miwili kabla TANU haijazaliwa, na miaka mitatu kabla Nyerere mwenyewe hajasimama mbele ya Baraza hilohilo. Ardhi haikurudi siku ile, lakini Tanganyika nzima ilisikia kwamba mkulima wa migomba anaweza kumshtaki mtawala mbele ya dunia.

Mgeni wa Momella afanye hivi. Akikuta picha ya John Wayne sebuleni, aisifu kwa moyo mweupe, kisha amwite meneja na kumwomba picha ya Kirilo Japhet itundikwe kando yake, kwa ukubwa uleule wa fremu. Aombe kwa heshima, aseme "tafadhali" na "naomba", na asubiri jibu amesimama.

Sasa chakula, na hapa nitakawia, maana hapa ndipo mlima unapopotea kabisa. Mezani utakuta mkate wa nafaka saba, jibini, supu ya malenge yenye tangawizi, samaki wa mbali na kipande cha nyama kilichozungukwa na mchuzi mwembamba. Vyote vizuri. Kula. Halafu funga menyu, mtazame mhudumu, mwite dada au kaka kama mlivyo kwa umri, na uulize: "Leo nyumbani kwenu wamepika nini?" Swali hilo moja linafungua mlango ambao menyu haina. Atakuambia kuhusu loshoro: mahindi na ndizi zilizopikwa zikalainika, zikachanganywa na maziwa mtindi, chakula cha Waarusha kinachomshikilia mtu shambani mpaka jioni. Atakuambia kuhusu machalari, ndizi na nyama zilizochemshwa pamoja, na mtori, ambavyo Wameru wanavila sawa na ndugu zao wa Kilimanjaro. Macho yake yatabadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza siku hiyo ameulizwa kitu anachokijua kuliko mgeni.

Omba kipikwe kesho. Jikoni watashtuka kidogo, kisha utasikia vicheko, kisha mama mmoja atavua kofia ndefu ya mpishi ili afanye kazi kwa uhuru. Kikija, usikipige picha kikapoa. Ndizi ya kupika ya huku inaitwa mchare, wengine mshare, na si ndizi ya mzaha: pale Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, hapohapo Arusha, watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA wanahangaika kuzalisha aina za mchare zinazostahimili magonjwa. Ndizi inayowashughulisha wanasayansi upande mmoja wa barabara inastahili sahani upande wa pili. Na bei yake iwe sawa na ya samaki. Mwenye hoteli akiiuza kwa bei ya chini atakuwa amewafundisha wageni wote kwamba chakula chetu ni cha kuonja tu.

Kahawa ina mkasa wake. Hoteli nyingi za hapa zimekaa ndani ya mashamba ya kahawa, na utapelekwa kutembezwa: mbuni chini ya kivuli, tunda jekundu, mashine ya kumenya, vitanda vya kukaushia, kikaango, kikombe. Ukienda kati ya Julai na Desemba utakuta mavuno na utaruhusiwa kuchuma mwenyewe; chuma nyekundu tu, na ukilinganisha ujazo wa kiganja chako na ndoo ya mama aliye karibu nawe utaelewa kwa nini mgongo wake uko vile. Kunywa arabika hiyo bila sukari angalau funda la kwanza. Wengi wetu tumekulia kwenye kopo la Africafé kutoka Bukoba, nalo lina heshima yake nyumbani, lakini kahawa ya Meru kwa miaka mingi imepanda meli kabla mkulima wake hajaijua ladha yake. Usione aibu ukiipenda. Nunua robo kilo, na nusu yake mpelekee mtu anayelima kahawa.

Tumbili nitawamaliza kwa sentensi mbili. Hawaombi, wanachukua. Kaa na mgongo ukutani, shika kikombe kwa mkono mmoja na andazi kwa mwingine, na mbega mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu akipita juu ya mti mwangalie kwa raha zako, yeye anakula majani na hana shida na kifungua kinywa chako.

Maji yanahitaji adabu. Bafuni kuna beseni kubwa la kuogea, pengine limewekwa mbele ya dirisha ili uoge ukitazama mlima. Oga, umelipia. Ila ujue unaoga nini. Miamba ya volkeno ya Meru hutoa madini ya floraidi, na maji ya chemchemi na mito mingi ya mteremko huu, Ngarenanyuki mbele kabisa, yana kiasi kinachopita mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa miaka mingi nchi yetu iliruhusu mpaka miligramu 4, maana tungeshika kile kikomo kidogo vijiji vingi visingekuwa na maji ya kunywa kabisa. Ndiyo sababu ya meno ya kahawia ya watoto waliokulia hapa, na kwa wengine mifupa hupinda. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia rahisi ambayo familia inaweza kuimudu.

Basi wewe uliyetoka Dar na utani wako wa meno ya watu wa Arusha, uache getini kwa askari, utauchukua ukiondoka, na ni bora ukiusahau. Anayekutabasamia huku akikumiminia maji ya chupa yenye jina la Kilimanjaro, mlima wa jirani, amekunywa maji ya mlima wake mwenyewe tangu kuzaliwa. Swali la kumwuliza meneja ni moja: kisima na mtambo wa kuchujia vya hoteli vinafika kijijini au vinaishia kwenye uzio? Zipo hoteli zitakazokujibu kwa fahari. Zirudie hizo. Mfano wa kufikiri hivyo ni hoteli ya Kigongoni pale Tengeru, inayojulikana kwa kuchangia kazi ya Sibusiso, kituo kinachohudumia watoto wenye ulemavu wa akili. Mgeni analala, na bili yake inaendelea kufanya kazi baada ya yeye kuondoka.

Mlima wenyewe una saa zake. Amka saa kumi na mbili kasoro asubuhi, toka na blanketi, hasa Juni na Julai ambapo baridi ya Arusha huwashangaza watu wa pwani. Kufikia saa nne kwa kawaida umeshajifunika mawingu. Ubavu wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, na vifusi vyake ndivyo vilivyotengeneza nchi ya vilima na maziwa ya Momella wanakosimama flamingo. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, kwa hiyo lala. Ukitaka kuupanda, panga siku tatu au nne kupitia Miriakamba, na utaongozana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo. Sehemu ya juu kabisa inaitwa Kilele cha Ujamaa. Litazame jina hilo kutoka kitanda cha laki kadhaa kwa usiku, mji ule chini ukiwa ndio uliolipa jina Azimio la Arusha la mwaka 1967, na usigeuze uso. Makumbusho ya Azimio yako Kaloleni, karibu na Mnara wa Mwenge. Nenda na watoto, waeleze kwamba kulikuwa na wakati kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha.

Hoteli itakupangia "matembezi ya utamaduni" ya nusu siku. Pima kwa swali: wenyeji wanalipwa na nani, na wanajua tunakuja? Kama jibu lina kigugumizi, panda bodaboda au kifodi Jumamosi uende soko la Tengeru. Huko utaona mchare kwa mikungu, parachichi, mbege, mitumba, na mama wa Kimeru anayekuuzia kwa bei ya haki ukianza kwa salamu. Karibu na hapo, ndani ya eneo la chuo, kuna makaburi ya Wapolandi. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wapatao elfu tano, wengi wanawake na watoto waliotoka kwenye kambi za Siberia, waliwekwa Tengeru, wakakaa katika nyumba za msonge zilizopakwa chokaa na kuezekwa kwa majani, wakajenga shule na kanisa, na wengine wakazikwa hapo. Msonge uliokuwa hifadhi ya mkimbizi sasa ndio mtindo wa chumba ghali kuliko vyote pale hotelini. Ukirudi kwenye paa lako la makuti, kumbuka waliolala chini ya paa la namna hiyo bila kuchagua.

Jioni moja torokea mjini. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 ni makumbusho sasa; pitia mapema kabla hawajafunga. Giza likiingia nenda Khan's, gereji mchana na kuku wa mkaa usiku, ule kwa mikono ukiwa umevaa ndala za hotelini.

Bakshishi: toa kwa shilingi, mkononi, kwa jina la mtu. Kama kuna sanduku la pamoja mapokezi, tia humo pia, kwa ajili ya mfua mashuka ambaye hutamwona. Kiasi utajua mwenyewe. Kisiwe kidogo kuliko bei ya glasi ya mvinyo uliyoagiza bila kufikiri.

Bili nayo isomwe. Uliza bei ya mkazi, kwa sauti ya kawaida, hata kama haikuandikwa popote. Hoteli nyingi zinayo na zinasubiri uulize. Kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Arusha raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, sehemu ndogo tu ya kiingilio cha mgeni, basi beba kitambulisho cha taifa. Ukiona dola kwenye karatasi yako, kumbusha kwa upole kwamba kanuni zilizotolewa mwaka 2025 zinataka bidhaa na huduma za ndani zitajwe na zilipwe kwa shilingi ya Tanzania.

Kabla gari halijafika, utaletewa kitabu cha wageni. Wengi huandika "Asante, tumefurahi" na kuchora moyo. Wewe andika maombi yako: loshoro kwenye menyu, picha ya Kirilo Japhet ukutani, jina la kijiji kwenye kadi ya kukaribisha, na mchongaji mmoja wa Nkoaranga aagizwe kazi. Andika kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka, weka jina, mji unaotoka na tarehe. Wenye hoteli huogopa kitabu hicho kuliko gazeti, na ombi likijirudia kurasa tatu mfululizo litafika jikoni.